Safu ya Sababu

Ndugu msomaji, kama wewe si mtu wa mpira usigeuze ukurasa upesi. Haya ninayotaka kuyasema yanahusu timu moja ya Tanga na msimu mmoja mbaya, lakini yanahusu pia jinsi mtu anavyoweza kuandika uongo katika daftari lake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, na asijijue. Sisi tunaotamani kuitwa waandishi, uongo wa namna hiyo unatugusa.

Mimi ni mtu wa Mwera, wilaya ya Pangani. Asiyekufahamu kwetu namwelekeza hivi: ukitoka Tanga mjini unaifuata pwani kwenda kusini mpaka Pangani, unavuka mto kwa kivuko, unatokea Bweni, halafu unashika njia ya Saadani. Utapita minazi na mkonge, mkonge na minazi, ndiyo umefika. Siku ninazozisimulia njia ile ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Kwa hiyo mtu wa Mwera akikwambia kwamba alikwenda uwanja wa Mkwakwani kutazama mpira, ujue alilipa bodaboda, akalipa kivuko, akalipa basi, tena kwenda na kurudi, kabla hajagusa pesa ya kiingilio.

Aliyenitia ugonjwa huu ni mjomba wangu, kaka yake mama. Mjomba ni mtu wa nazi. Anakwea, anafua, anauza. Shule aliishia darasa la saba. Coastal Union ilipochukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1988 yeye alikuwa kijana mbichi, na mpaka leo ukimtajia mwaka ule atakuhesabia mambo matatu: bei ya nazi, harusi yake, na Coastal. Mimi sikuwa hata wazo. Lakini nilikua nikiusikia mwaka 1988 kama wengine wanavyosikia hadithi za sungura, mpaka nikaona kama name nilikuwepo.

Msimu wa 2015/2016 ulipoanza nilikuwa shule ya sekondari, kijana wa miaka kumi na saba, na nilikuwa nimeshajitangazia kwamba nitakuwa mwandishi wa riwaya. Nikanunua kaunta buku. Kurasa za mbele nikaanza riwaya yangu ya kwanza, ya jambazi mmoja wa bandarini. Kurasa za nyuma nikapiga mistari kwa rula, nikatengeneza safu nne: Tarehe, Mpinzani, Matokeo, Sababu. Niliona msimu ule haufai kupita bila kuandikwa. Na kweli, haukuwa msimu wa kawaida. Katika timu 16 za Ligi Kuu, timu tatu zilikuwa za mkoa wetu. Ilikuwepo Coastal, Wagosi wa Kaya wenyewe, watu wa barabara ya 11. Walikuwepo watani wao African Sports, Wana Kimanumanu, wa barabara ya 12. Na ilikuwepo Mgambo, timu ya askari wa JKT. Tatu, bwana! Vijiweni watu walikuwa wakisema Tanga imerudi.

Sasa nikuonyeshe lile daftari. Ninalo hapa mezani, limeliwa na mende pembeni lakini linasomeka.

Safu ya Matokeo ni fupi na inahuzunisha. Sare, tumefungwa, tumefungwa, sare. Safu ya Sababu ndiyo ndefu. Hapa nimeandika "Refa". Hapa nimeandika "Mvua". Hapa "Viongozi". Hapa "Kocha hajui kubadilisha wachezaji", na mimi wakati naandika hivyo nilikuwa Mwera, mechi yenyewe nimeisikia redioni, nusu yake ikiwa imemezwa na mikwaruzo. Mahali pamoja nimeandika "Uchawi", mbele yake nikaweka alama ya kuuliza, nadhani kwa kuogopa mwalimu asije akaliona. Mechi zote 30 hakuna hata safu moja nilipoandika "Wenzetu walicheza vizuri kuliko sisi."

Halafu ikaja tarehe 30 Januari 2016, Jumamosi. Yanga walikuwa wanakuja Mkwakwani, na walikuwa hawajafungwa na mtu yeyote kwenye ligi msimu ule. Mjomba akauza nazi mapema, tukavuka.

Nakumbuka jambo moja lililonishangaza kabla mpira haujaanza. Niliwaona watu wa Tanga, watu ninaojua lafudhi yao, wamevaa jezi za njano na kijani, wamejazana upande wa pili. Nikamwuliza mjomba, "Hawa nao wametoka Dar?" Mjomba akacheka. "Hao? Yule pale anauza samaki Deep Sea. Tanga hii mjomba, kila mtu ana Coastal yake na ana Simba au Yanga yake. Ikija Yanga, Coastal inawekwa kabatini."

Tulishinda 2–0. Miraji Adam alifunga kwa mpira wa adhabu, na kipindi cha pili Juma Mahadhi akaongeza. Siwezi kukueleza kelele za siku ile. Mjomba, mtu mzima mwenye wajukuu, alinibeba mgongoni kama mtoto wa chekechea. Usiku ule kwenye safu ya Sababu niliandika maneno manne kwa wino mwekundu: "Sisi ni wanaume, basi."

Aprili ilikuwa tamu zaidi. Tarehe 11, Jumatatu, tukakutana na Simba huko huko Dar es Salaam, robo fainali ya Kombe la Shirikisho. Nikaisikiliza mechi kwa mzee mmoja mwenye redio kubwa, tumezunguka kama watu wa arobaini. Coastal, timu iliyokuwa ikiburuta mkia kwenye ligi, ikaitoa Simba kwa 2–1. Youssouf Sabo, Mkameruni wetu, alifunga yote mawili, na la pili lilikuwa la penalti mwisho mwisho wa mchezo. Kijiji kizima kililala usiku wa manane.

Ndipo ikaja nusu fainali, Jumapili tarehe 24 Aprili 2016, Mkwakwani, Coastal na Yanga tena. Msomaji, hapa ndipo mkono wangu unapokuwa mzito.

Masika yalikuwa yameshika. Tulitoka Mwera alfajiri, bodaboda ikaanguka nasi mara mbili kwenye tope. Tulipofika uwanja ulikuwa umefurika. Tukapata nafasi nyuma ya goli la upande mmoja, tumebanana kama dagaa. Coastal wakatangulia, Sabo tena. Nikasema leo ndiyo leo. Donald Ngoma akasawazisha. Dakika 90 zikaisha 1–1, tukaingia muda wa nyongeza, na giza nalo linanyemelea. Kisha Amissi Tambwe akafunga la pili.

Watu wakapiga kelele, "Mkono! Ameshika!" Mimi nikapiga kelele kuliko wote. Lakini naapa mbele yako msomaji, goli lile lilikuwa upande wa pili wa uwanja. Nilikuwa mbali. Niliona miguu, niliona wavu unatikisika, basi. Mkono sikuuona. Mpaka leo sijui kama ulikuwepo au haukuwepo. Nilichojua ni kwamba watu walioketi karibu yangu walisema mkono, na mimi nilikuwa nautaka uwe mkono.

Mawe yakaanza kuruka. Mshika kibendera mmoja akapigwa. Na mimi nilikuwa na chupa ya maji mkononi, ina maji nusu. Sikuwaza. Mkono ulinyanyuka wenyewe, chupa ikaenda. Iliangukia kwenye majani ndani ya uzio, haikumgusa mtu. Lakini iliondoka mkononi mwangu, na ningekuwa na nguvu zaidi ingefika mbali zaidi. Nilipogeuka nikakuta mjomba ananitazama.

Mchezo ulivunjika hapo hapo, haukuendelea tena. Yanga wakapewa nusu fainali ile, wakaenda fainali na kombe wakalichukua.

Njia nzima mjomba hakusema neno. Kivuko hatukukiwahi, tukalala Pangani kwa shemeji yake. Asubuhi tukiwa katikati ya mto alisema neno moja tu, tena akitazama maji: "Timu ilikuwa bado ina dakika." Nikajifanya sikusikia. Nilipofika nyumbani nikafungua daftari, nikajaza safu ya mwisho: "Refa."

Ligi ilipokwisha mwezi wa Mei, Yanga walikuwa mabingwa. Na timu tatu zilizoshuka daraja, msomaji, zilikuwa Mgambo, African Sports na Coastal Union. Zote tatu za Tanga. Zote tatu! Na iliyoshika mkia kabisa, ya 16 kati ya 16, ilikuwa Coastal, timu iliyomfunga bingwa na kumtoa Simba. Kijiweni watu hawakuwa na la kusema. Mzee mwenye redio aliichomoa betri akasema anaipumzisha.

Niliandika ukurasa mzima wa lawama. Nikaona nimeandika jambo kubwa la kifasihi, nikampelekea mjomba. Macho yake yalikuwa yameanza kufanya ukungu, kwa hiyo akaniambia nisome, nianze tangu mechi ya kwanza. Nikasoma. Yeye anafua nazi, mimi nasoma. Nilipofika 24 Aprili nikasoma, "Sababu: Refa."

Kifuo kikanyamaza. "Soma tena."

Nikasoma tena.

"Soma tena mjomba, labda sikusikia vizuri."

Mara ya tatu sauti haikutoka. Mjomba hakunikemea. Alichukua nazi nyingine akaendelea, kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii miaka yote hii baadaye: "Katika hizo mechi za kwetu ulizoandika, ngapi ulikwenda?"

Nikahesabu. Katika msimu mzima wa ligi na kombe nilikwenda Mkwakwani mara mbili. Mara zote mbili ilikuwa Yanga.

"Na mimi vile vile," akasema. "Kagera Sugar walikuja, hatukwenda. Ndanda walikuja, hatukwenda. Tulisema nauli ghali. Kwa Yanga nauli ilikuwa rahisi?"

Tangu siku ile nimelisoma daftari lile mara nyingi, na nataka nikupe hesabu yangu ya sasa, ya mtu mwenye umri wa miaka ishirini na kidogo, si ya yule kijana wa wino mwekundu.

Kwanza, ile furaha ya kuwa na timu tatu ilikuwa na mwiba ndani yake. Mkoa ni mmoja, mashabiki ni wale wale, mfuko ni ule ule. Halafu zenyewe kwa zenyewe zilikutana mara sita kwenye ligi. Mkipigana ndugu, mmoja akishinda anampokonya mwenzake anayezama naye. Mkitoka sare, mmegawana pointi mbili na ya tatu imekwenda na maji. Tulizishangilia mechi zile kama sherehe za mtani na mtani, na huku chini ya sherehe wote tulikuwa tunatoboa dau moja.

Pili, pesa. Tazama tuliokuwa tukishindana nao. Azam ina kampuni nyuma yake. Mtibwa na Kagera zina viwanda vya sukari. Prisons ni ya magereza, JKT Ruvu ilikuwa ya jeshi. Coastal ni ya wanachama, na timu ya wanachama hula kile wanachama wanachokileta mlangoni. Lakini nisijidanganye tena, maana Mgambo nayo ilikuwa na jeshi na ilishuka pamoja nasi. Pesa ni sababu, haiwezi kuwa sababu yote.

Tatu, mtu mzuri wa Tanga hakai Tanga. Jackson Mayanja, kocha Mganda aliyekuwa ametufundisha, Januari ile ile ya 2016 alikuwa ameshahamia benchi la Simba. Mahadhi aliyewafunga Yanga, msimu ulipokwisha wakamchukua wao. Siwalaumu. Ningekuwa mimi ningekwenda mbio. Nasema tu kwamba timu inayong'aa siku ya mkubwa ni kama duka linaloweka bidhaa yake nzuri dirishani, mwenye pesa akipita ananunua.

Na nne ndiyo yetu. Kuifunga Yanga kuna pointi tatu. Kuifunga Toto Africans kuna pointi tatu. Hakuna refa duniani anayekupa pointi tano kwa sababu uwanja ulijaa. Bingwa wa msimu ule tulimfunga 2–0 na bado tukawa wa mwisho, kwa sababu ligi ni mechi 30 na sisi tulikuwa na moyo wa mechi moja. Nasema sisi, si wachezaji peke yao. Mchezaji anayetoka kwenye chumba cha kubadilishia nguo akaona viti vitupu Jumatano, halafu Jumamosi ya Yanga akaona watu mpaka juu ya miti, anajifunza nini? Anajifunza kile tunachomfundisha. Tulimfundisha kwamba kuna siku zinazohesabiwa na siku zisizohesabiwa. Kumbe ile siku isiyohesabiwa ndiyo iliyomshusha.

Ile chupa nayo ilitoka hapo hapo. Mtu aliyekuwepo mechi zote za mvua na viti vitupu, naamini, hatupi chupa dakika ya 100. Anajua dakika zilizobaki zina thamani gani. Mimi niliyekuja kwa ajili ya furaha tu, furaha iliponinyima nikatafuta wa kumpiga.

Sasa, ndugu waandishi wenzangu, mnajua kurasa za mbele za kaunta buku lile zina nini? Zina riwaya tisa. Ya jambazi wa bandarini kurasa sita. Ya msichana wa Bweni kurasa nne. Ya mzimu wa shamba la mkonge kurasa kumi na moja, hiyo ndiyo iliyojitahidi. Kila moja inaanza kwa kishindo: mlango unavunjwa, bunduki inalia, mtu anaanguka mtoni. Halafu inafika mahali ambapo mhusika inabidi aamke asubuhi, apige mswaki, aende kazini, na mimi hapo nafunga daftari. Nilimaliza kidato cha nne nikasema sina muda. Nikapata kibarua nikasema nimechoka. Nikasema wachapishaji wako Dar es Salaam na hawasomi kazi za watu wa Mwera, ingawa sijawahi kumpelekea hata mmoja bahasha. Niliyaandika hayo yote katika safu ya Sababu ya kichwani mwangu, na mwandiko ni ule ule: Refa. Mvua. Viongozi.

Siku moja, Coastal ikiwa huko chini Ligi Daraja la Kwanza, mjomba alinijia asubuhi akiwa amevaa kanzu yake ya safari. Akasema, "Twende." Nikamwuliza nani anacheza. Akasema hajui. Tukavuka mto. Mkwakwani hapakuwa na foleni. Tulikaa tunapotaka, tena kivulini, na nikawasikia wachezaji wakiitana majina, jambo ambalo siku za Yanga huwezi kulisikia. Beki mmoja mdogo, jina lake sikulipata, alikuwa akianguka, anainuka, anaanguka, na kila akiinuka anawapungia mkono wenzake warudi nyuma. Hakuna aliyempigia makofi ila mjomba. Macho yake hayakuona mpira vizuri, mimi ndiye niliyekuwa nikimsimulia, na nilipomwambia, "Yule mdogo kaokoa tena," alipiga makofi peke yake, pa pa pa, mpaka beki yule akageuka kututazama.

Coastal ilirudi Ligi Kuu mwaka 2018. Mwaka 2022 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho huko Arusha, ikatoka 3–3 na Yanga, ikashindwa kwa penalti. Msimu wa 2023/2024 ilimaliza ya nne na kupata nafasi ya kwenda kucheza Afrika. Ukiniuliza ni mechi gani kubwa iliyoifikisha nafasi ile ya nne, sitakutajia hata moja.

Daftari sasa lina safu tano. Ile ya tano niliiongeza kwa penseli siku tuliyotoka kumtazama yule beki, na inaitwa "Nilikuwepo?" Kwa mwaka ule wa 2016 nimejibu kwa uaminifu, hapana, hapana, hapana, ndiyo, hapana. Mbele ya 24 Aprili niliandika "Ndiyo", na ile "Refa" nikaikata kwa mstari mmoja ili bado isomeke chini yake. Mjomba alitaka kujua nimeandika nini badala yake. Nikamwambia bado naifikiria.

Na kurasa za mbele, riwaya ya kumi imefika ukurasa wa 74. Jana mhusika wangu aliamka, akapiga mswaki, akaenda kuvuka kivuko. Hakuna aliyepigwa risasi. Kesho inabidi arudi.